Canon EF 85mm f/1.8 USM: Lenzi ya Kupigia Picha Wanasarakasi Usiku

Mwanasarakasi wa pwani ya Kenya anayetafuta mkataba wa kazi nje ya nchi huonwa kwanza kwenye picha. Wakala aliyeko Ulaya au Ghuba hutazama uso, namna mkono ulivyoshika na unyayo ulivyonyooka, kisha ndipo huamua kama kuna haja ya kuendelea na mazungumzo. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya kazi ya makundi yetu hufanyika usiku, kando ya bwawa la hoteli, wageni wakiwa wamemaliza kula, chini ya taa nne au tano ambazo aliyezifunga hakuwa na mawazo ya kamera hata kidogo. Nimewapigia picha wanasarakasi wa Mombasa na Diani kwa miaka sita sasa, na katika minne ya mwisho nimefanya kazi hiyo zaidi kwa lenzi moja, Canon EF 85mm f/1.8 USM. Ninaipendekeza kwa moyo wote kwa mtu mwenye kazi kama yangu, kwa sharti kwamba awe tayari kuujua mchezo anaoupiga picha kama anavyoijua kamera yake, kwa kuwa lenzi hii haimsamehe mtu asiyejua nini kitatokea sekunde moja mbele.

Ni lenzi ya zamani. Ilianza kuuzwa mwaka 1992, enzi za filamu, na umbo lake halijifichi umri: mwili wa plastiki nyeusi, pete pana ya kulengea, uzito wa gramu 425, vioo 9 vilivyopangwa katika makundi 7, na mdomo unaopokea kichujio cha milimita 58. Haikuzi wala haipunguzi. Ukitaka mtu awe mkubwa zaidi kwenye picha, unasogea wewe. Haina kidhibiti cha mtikisiko, na haikuzibwa dhidi ya maji na vumbi. Ninaitumia kwenye kamera ya EOS 6D, iliyotoka mwaka 2012, yenye kihisi (sehemu ya ndani inayopokea mwanga na kuunda picha) kikubwa cha milimita 36 kwa 24, na hesabu zote nitakazozitaja hapa ni za kihisi cha ukubwa huo. Kwenye kamera za Canon zenye kihisi kidogo, lenzi hii huona eneo jembamba, sawa na lenzi ya milimita 136, na kando ya bwawa dogo la hoteli hilo ni jembamba mno.

Kilichonifanya niinunue ni ile namba ya mwisho, 1.8, ambayo ni kipimo cha upana wa tundu linalopitisha mwanga: namba ikiwa ndogo, tundu ni pana. Nilianza na lenzi iliyokuja na kamera yangu ya kwanza, ambayo ukiivuta hadi mwisho tundu lake hubaki f/5.6. Mtu anayeruka kutoka kimo cha mita moja hufika chini akiwa na mwendo wa zaidi ya mita 4 kwa sekunde, na kwa kasi ya shata (pazia la kamera linalofunguka kupitisha mwanga) ya sekunde 1/80 mwili wake husogea zaidi ya sentimita 5 wakati shata iko wazi. Mkono hugeuka wingu na uso hupoteza macho. Kwa taa za hoteli nyingi nilizofanyia kazi, kwa f/5.6 na ISO 3200 (ISO ni kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga), hiyo 1/80 ndiyo iliyokuwa kasi ya juu kabisa niliyoweza kuipata bila picha kuwa giza. Kwa lenzi hii, chini ya taa zile zile na ISO ile ile, ninafungua tundu hadi f/2.2 na kupiga kwa 1/500. Mwanasarakasi yule yule sasa husogea chini ya sentimita moja. Nikifungua hadi mwisho, f/1.8, lenzi hupokea mwanga karibu mara 10 ya ule wa f/5.6. Namba ya ISO kubwa huleta chenga kwenye picha, na chenga zinaweza kupunguzwa baadaye kwenye kompyuta, lakini mkono uliogeuka wingu hakuna programu ya kuurudisha.

Hapa ndipo lenzi inapoanza kudai. Ukiwa mita 6 kutoka kwa mtu, ukiwa umefungua tundu hadi f/1.8, eneo linaloonekana kali, kwa kipimo cha kawaida, lina kina cha sentimita 54 hivi. Ukisogea hadi mita 4, kina hicho hupungua hadi sentimita 24, upana wa shibiri moja na kidogo. Sasa fikiria mbebaji aliyelala chali akiwa ameinua mikono, na juu ya viganja vyake amesimama mwenzake kwa mikono, kichwa chini, miguu juu. Uso wa wa juu na viganja vya wa chini haviko mbali, lakini ukisimama mahali pabaya vinapishana kwa zaidi ya shibiri, na kimoja kitapotea.

Hilo nilijifunza kwa picha niliyoipenda kuliko zote za mwaka wangu wa kwanza na lenzi hii. Uso wa kijana wa juu ulikuwa mkali kiasi cha kuhesabu matone ya jasho kwenye nyusi, taa ya buluu ilikuwa imemchora bega, na nyuma yake minazi ilikuwa imeyeyuka vizuri. Nilimwonyesha mbebaji, mtu mzima aliyekuwa amefanya kazi hiyo tangu nikiwa shule ya msingi. Akaitazama kwa muda, akanirudishia kamera, akasema, "Ni nzuri, mwanangu. Lakini mkono wangu hauko." Nikatazama tena. Viganja vyake vilikuwepo chini ya picha, lakini vilikuwa ukungu mtupu, na kazi nzima ya mchezo ule ilikuwa ndani ya viganja hivyo: vidole vinne vikiwa vimebana kifundo cha mkono wa mwenzake, dole gumba likisukuma upande wa pili ili uzito usihame. Akanionyesha kwa kunishika mkono wangu mwenyewe, na bado ninaukumbuka ugumu wa dole gumba lile. Tangu siku hiyo, katika michezo ya wawili, sisimami mbele yao. Nasimama ubavuni, ili uso na mshiko viwe umbali mmoja kutoka kwenye lenzi, na nafunga tundu hadi f/2.8, ambapo kina kwa mita 6 hufika sentimita 84 hivi. Mwanga unaopotea ninaulipia kwa ISO.

Kwa upande wa kulenga, lenzi yenyewe ni ya haraka na kimya. Mota yake ya USM hupata shabaha mara moja na haiwindi mbele na nyuma kama baadhi ya lenzi za bei nafuu, na unaweza kuizungusha pete kwa mkono wakati wowote bila kugusa swichi yoyote, jambo lenye faida kubwa gizani. Hata hivyo kasi hiyo hutegemea kamera iliyo nyuma yake. EOS 6D ina nukta 11 za kulengea, na ya katikati pekee ndiyo yenye nguvu ya kweli gizani. Hiyo hufanya kazi hata kwenye mwanga wa kiasi cha mbalamwezi. Nyingine 10 mimi huziacha. Ninalenga kwa nukta ya katikati, ninaacha nafasi ya ziada kuzunguka mwili, kisha ninapunguza kingo za picha nikifika nyumbani.

Lakini kwa mchezo wa pete ya moto silengi kwa mota kabisa, na naona hapa ndipo lenzi hii inapostahili sifa kubwa kuliko kwingine kote. Pete haihami. Mkimbiaji huanza pale pale alipoanzia jana, hukanyaga godoro lile lile, na hupita katikati ya pete akiwa amenyooka kama samaki. Kabla ya onyesho, pete ikiwa bado haijawashwa, mimi husimama ubavuni umbali wa mita 8, hulenga ukingo wake, huzima ulengaji wa mota kwenye lenzi na siigusi pete ya kulengea tena. Kwa f/2.2 umbali huo hunipa kina cha mita moja na ushee, na upana wa mita 3.4 hivi, unaotosha pete nzima na mwili ulionyooka. Baada ya hapo kazi yangu ni kusikiliza nyayo. Kundi ninalolipiga mara nyingi hukimbia hatua saba. Nikisikia ya sita ikigonga ubao, kidole kinaanza kushuka.

Moto wenyewe una adabu yake. Pete inapowashwa, mara nyingi taa za jukwaa hupunguzwa ili wageni waone vizuri, na kamera iliyoachwa ijiamulie mwanga huona giza kubwa pande zote, ikaongeza mwanga, na ndimi za moto zikageuka doa jeupe lisilo na umbo. Ninaweka kila kitu kwa mkono: f/2, sekunde 1/400, ISO 3200, na ikibidi ninaacha picha iwe na giza kidogo, moto ubaki na rangi yake ya chungwa, kisha uso ninauangaza baadaye kutoka kwenye faili ghafi, yaani picha ambayo kamera haijaichakata. Kwa mpangilio huo lenzi hii imenipa picha ambayo mwanga unaouangaza uso wa mrukaji unatoka kwenye moto ule ule anaoupita, na katika miaka yangu yote ya kazi sijapata njia nyingine ya kuonyesha jinsi walivyo karibu na moto huo.

Michezo ya mizani ni tofauti kabisa, na mtu anayedhani sarakasi yote ni mbio anajinyima picha nzuri. Mchezo wa viti, ambapo mtu mmoja hupandisha kiti juu ya kiti na kusimama kwa mikono juu ya vyote, ni wa kale katika sarakasi ya China, nchi ambako vijana wa Kitanzania walipelekwa miaka ya 1960 kujifunza sanaa hii. Kinachosogea hapo ni kidogo sana, na kinasogea polepole. Ninashusha kasi hadi 1/160, ninafunga tundu hadi f/2.8 na ISO inashuka hadi 1600, na ghafla picha inakuwa safi, ngozi inakuwa ngozi, na mshipa wa mkono unaonekana ukiwa umesimama. Katika hali hii lenzi ni kali sana katikati, na lenzi ya milimita 85 haipotoshi mwili: viungo vya mtu hubaki na urefu wake wa kweli, jambo ambalo lenzi pana zikiwa karibu haziwezi kuliahidi.

Hata katika kuruka kuna utulivu wake. Mtu anapofika kilele cha mruko, mwili husita kabla ya kuanza kushuka. Kwa hesabu ya mvutano wa dunia, kwa takriban sekunde 0.29 kiwiliwili hakiondoki zaidi ya sentimita 10 kutoka kilele hicho. Kamera yangu hupiga picha 4.5 kwa sekunde, maana yake kati ya picha na picha kuna sekunde 0.22, na mtu akibonyeza tu na kushikilia anaweza kupata moja mwanzoni mwa kilele na nyingine wakati mwili umeshaanza kushuka. Ndiyo maana ninapiga moja moja, kwa kusubiri. Anayepinduka hewani ndiye pekee anayenikatalia njia hii, kwa sababu hata kileleni mwili wake bado unazunguka, na kwake sishuki chini ya 1/640 hata chenga zikizidi.

Lenzi hii ina upungufu, na upungufu wake mkubwa huonekana hasa katika kazi ya namna hii. Ikiwa tundu liko wazi kabisa, ukingo wowote unaong'aa dhidi ya giza huvaa utepe wa rangi: zambarau kwa vitu vilivyo mbele ya mahali ulipolenga, kijani kwa vilivyo nyuma. Mavazi ya wanasarakasi yamejaa vimetameta, na kila kimetameta kisicho ndani ya eneo kali hupata pete yake ya zambarau. Kwa f/2.2 rangi hizo hupungua, kwa f/2.8 karibu zinaisha, na zilizobaki programu za kuhariri huzifuta, lakini kwenye vazi la rangi ya zambarau programu hufuta na vazi lenyewe, kwa hiyo kazi hiyo ifanywe kwa uangalifu, sehemu kwa sehemu. Aidha, taa ikiwa nyuma ya mchezaji na kuelekea kwenye lenzi, weusi wa picha hufifia kama umepitiwa na moshi. Kinga ya mwanga inayovishwa mdomoni husaidia sana, nayo huuzwa peke yake. Mtu aihesabu kama sehemu ya bei. Kichujio cha kinga ninakivua usiku, kwa kuwa taa hujirudia ndani yake na kuacha vivuli vya mwanga angani mwa picha.

Mistari ya giza inayokatiza picha zinazopigwa chini ya taa za LED si kosa la lenzi, ingawa nimesikia wengi wakiilaumu. Umeme wetu ni wa 50 Hz, taa nyingi za bei ya chini huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, na zile zinazopunguzwa mwanga kwa kidhibiti huzimika na kuwaka kwa mapigo ya haraka. Shata ya 1/500 huunasa mpigo mmoja katikati. Nimeona nafuu kwa kumwomba mtu wa taa, kwa heshima na mapema, aziwashe taa za mbele kwa nguvu zake zote. Wengi hukubali wakielezwa kwamba picha ni za wachezaji wenyewe. Kuhusu mmweko wa kamera, sitautumia kamwe kwa watu wanaotembea juu ya mabega ya wenzao, na kundi lolote likiniruhusu bado nitakataa. Macho yaliyopigwa na mwanga mkali gizani huchukua muda kurudi, na katika muda huo kuna mtu amebebwa.

Kwa sisi wa pwani kuna adui mwingine. Ukitoa lenzi kwenye chumba chenye kiyoyozi na kuipeleka moja kwa moja nje, kwenye joto la bahari, kioo hutokwa jasho, na onyesho linaweza kuanza ukiwa bado unafuta. Iache ndani ya mfuko uliofungwa, nje, kwa nusu saa ipate joto taratibu. Unyevu huo huo hulisha kuvu ndani ya lenzi. Kwa kuwa wengi tutainunua ikiwa imetumika, mnunuzi apitishe mwanga wa tochi ya simu ndani yake kutoka nyuma na kutafuta nyuzi nyeupe zilizosambaa kama mizizi. Akiziona aiache, hata bei ikiwa ya kuvutia. Azungushe pete ya kulengea asikilize kama inakwaruza, kisha aiweke kwenye kamera, alenge karibu na mbali mara kadhaa, na apige kwa f/8 kuhakikisha tundu linafunga na kufunguka.

Kuna kazi moja ambayo lenzi hii haiiwezi, nayo ndiyo picha inayoombwa na kila kundi: piramidi ya watu. Wanaume watatu wakisimama mabegani hufika kimo cha mita 4 na nusu na zaidi, na ili kuwapata wote hata ukiisimamisha kamera wima, lazima urudi nyuma hadi mita 12 hivi. Katika hoteli nyingi mita 12 nyuma ni meza za wageni au maji ya bwawa. Nilipopiga kwenye jukwaa la chuo cha sanaa cha Bagamoyo, TaSUBa, ambako sarakasi hufundishwa sambamba na ngoma na maigizo, nafasi ilikuwepo na lenzi ilifanya kazi vizuri. Hotelini ninabeba pia 50mm f/1.8 STM, ndogo ya gramu 160, kwa ajili ya piramidi tu.

Je, mtu anunue nyingine badala yake? Lenzi ya 70-200mm f/2.8 ya toleo la pili humwezesha mtu kukaa mahali pamoja na kupata kila kitu, lakini ina uzito wa gramu 1,490, bei yake ni ya daraja jingine, na kwa f/2.8 hupokea mwanga chini ya nusu ya ule wa f/1.8. Ile 85mm f/1.2L ina tundu pana zaidi na picha zake ni za kupendeza, ila vioo vyake ni vizito na ulengaji wake ni wa polepole. Kwa mtu aliyekaa kiti akipigwa picha ya sura ni hazina, kwa mtu anayekimbilia pete ya moto hapana. Wenye kamera mpya zisizo na kioo cha ndani watavutiwa na RF 85mm f/2 yenye kidhibiti cha mtikisiko, na wakumbuke kwamba kidhibiti hutuliza mkono wa mpiga picha na si mwili wa anayeruka. Lenzi hii ya zamani pia hufanya kazi kwenye kamera hizo kwa adapta, na kwa kuwa huko nukta za kulengea zimejaa kioo kizima, nadhani itapata maisha ya pili.

Mbebaji yule sasa anafundisha vijana zaidi ya anavyopanda jukwaani. Mwezi uliopita nilimpelekea picha mpya ya wanafunzi wake wawili, iliyopigwa ubavuni, f/2.8, 1/320, ISO 4000. Aliikuza kwenye simu hadi vidole vikajaa kioo, akaanza kumweleza kijana wa chini kwamba dole gumba lake limekaa chini mno. Wamekubaliana kulirekebisha Jumanne, na nimeombwa nifike na kamera.